Beji za vikosi vya ndege za kivita: maswali yanayoulizwa sana na wakusanyaji wa Mbeya, Iringa na Njombe

Kamwene wote. Haya maswali nimeyajibu sana pale sokoni SIDO Mbeya, nimeyajibu kwenye basi la Makambako, nimeyajibu kwa simu usiku mtu akiwa ameshika jaketi mkononi na muuzaji anamsubiri. Nimeyaweka hapa pamoja kwa mpangilio, mgeni aanzie juu, mzoefu aruke chini. Pale jibu lipo kwenye swali jingine nitakuelekeza huko, sirudii.

## MWANZO KABISA

Beji ya kikosi ni kitu gani hasa?

Ni kile kipande cha kitambaa, zamani hata ngozi, ambacho marubani na mafundi wa skwadroni moja wanashonea kwenye jaketi au ovaroli la kurukia. Skwadroni ni kikosi cha ndege na watu wake wote, sio marubani peke yao, kuna mafundi wa injini, wapakia silaha, makarani, wote wanavaa nembo moja.

Mwanzo nembo hazikuwa kwenye nguo, zilichorwa ubavuni mwa ndege wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Wamarekani waliojitolea kurusha ndege upande wa Ufaransa mwaka 1916, Lafayette Escadrille, walichora kichwa cha Mhindi Mwekundu, na mwaka 1918 skwadroni ya 94 ya Marekani ikachora kofia ndani ya duara, ndio kikosi cha Eddie Rickenbacker aliyehesabiwa ushindi 26 wa angani. Baadae nembo zikahamia kifuani, hasa baada ya Wamarekani kuanza kutumia jaketi la ngozi la A-2 mwaka 1931.

Sasa hivi vitu vya Wazungu vinatuhusu nini sisi wa huku nyanda za juu?

Hili naulizwa na wazee zaidi ya vijana na nalipenda sana. Vinatuhusu kuliko unavyofikiri.

Kikosi namba 26 cha ndege cha Waingereza kiliundwa 1915 kwa watu wa Afrika Kusini, kikashuka Mombasa mwanzoni mwa 1916 kuja kupigana na Wajerumani hapa hapa Tanganyika. Nembo yake rasmi iliyokuja baadae ina kichwa cha swala wa Afrika Kusini na maneno yake ni ya Kiafrikaans. Mwaka uliotangulia, Julai 1915, ndege zilizoruka kutoka kisiwa cha Mafia ndizo zilizokuwa zinaonyesha mizinga ya meli za Waingereza ilenge wapi mpaka manowari ya Königsberg ikaharibiwa kwenye delta ya Rufiji.

Alafu Mbeya yenyewe, uwanja ule wa zamani wa mjini, sio Songwe, ulikuwa kituo cha ndege za Imperial Airways zilipoanza safari za London mpaka Cape Town mwaka 1932. Ndege ilikuwa inatoka Dodoma inatua Mbeya kabla ya kwenda Mpika. Hiyo ni ndege ya abiria sio ya vita, ila inakuonyesha kwamba anga yetu ina historia yake.

Na Ifunda pale Iringa, na Kidugala Njombe, kulikuwa na kambi za wakimbizi wa Poland wakati wa vita ya pili, kina mama na watoto waliopelekwa Siberia na Warusi wakapitia Iran mpaka kufika kwetu kuanzia 1942. Wakati familia za Kipoland zipo Ifunda, Wapoland wenzao walikuwa wanarusha ndege Uingereza kwenye skwadroni ya 303, moja ya zilizoogopwa zaidi mwaka 1940. Nembo ya 303 ina kofia ya pembe nne na miundu mikubwa miwili iliyopishana, na nyuma yake nyota na mistari ya bendera ya Marekani, kwasababu ilianzia kwa Wamarekani waliokwenda kuipigania Poland mwaka 1919 na 1920. Mi nikipita Ifunda huwa naikumbuka hiyo nembo kila mara.

Nianze na kiasi gani cha hela?

Hata elfu tano. Beji yangu ya kwanza ilikuja na jaketi la mtumba la elfu nane, nilitaka jaketi maana ilikuwa Julai na baridi ya Mbeya mnaijua, beji sikuijali mpaka nilipofika nyumbani. Usianze kwa kuagiza nje. Anza na kilichopo sokoni, jifunze kukisoma, hela kubwa utaitumia ukishajua unanunua nini.

Nikusanye kila kitu au nichague?

Chagua. Mwingine anakusanya aina moja ya ndege, mwingine vita moja, mwingine nchi moja. Mi nakusanya vikosi vilivyopita Afrika Mashariki na vya usafirishaji, maana ndege za mizigo ndio zinazosahaulika. Ukikusanya kila kitu utajaza boksi na hutajua habari ya hata kimoja.

## SHERIA, SOMA HAPA KABLA YA KUNUNUA CHOCHOTE

Sitakamatwa?

Swali la maana kuliko yote. Sheria za nchi yetu haziruhusu raia kuvaa wala kumiliki sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo, na Agosti 2023 JWTZ walitoa siku 7 kwa raia wenye mavazi ya kijeshi kuyasalimisha. Kwahiyo mimi nina kanuni tatu na sijawahi kuzivunja.

Ya kwanza, chochote cha JWTZ, iwe beji, kofia, kifungo, sikusanyi, sinunui, sipokei hata zawadi. Ukikipata kwenye nyumba ya marehemu babu aliyekuwa askari, kipeleke kituo cha polisi au kambini ukaeleze. Ya pili, nguo yenye mabaka sigusi hata kama ni ya nchi gani na hata kama ina beji nzuri ya ajabu. Ya tatu, beji inakaa kwenye albamu au fremu ukutani, haivaliwi mtaani. Kuna vijana wanataka kushonea beji kwenye jaketi waende nazo Kabwe, jamani msifanye hivyo, askari anayekusimamisha hana muda wa kusikiliza historia ya skwadroni.

Ukiwa na wasiwasi na kitu fulani kaulize polisi kabla ya kununua.

## KUZIPATA

Kwenye mitumba natafuta nguo gani?

Jaketi fupi za nailoni, zile tunaita bomba, zenye ribu, kile kitambaa cha kufuma kinachobana, kiunoni na mikononi. Rangi ya kijani iliyopauka au bluu iliyoiva. Nyingi ni za fasheni tu zimetengenezwa kiwandani na beji za kubuni, kwahiyo usirukie kila yenye beji. Cha kuangalia kwanza ni lebo, swali linalofuata.

Ongea vizuri na wauzaji. Dada mmoja ninayenunua kwake SIDO nilimwonyesha picha kwenye simu, nikamwambia ukiona kitu kama hiki kwenye belo niwekee, na ameniwekea vitu ambavyo nisingeviona maana mimi nafika saa tano belo limefunguliwa saa moja asubuhi. Iringa jaribu Mashine Tatu. Makambako na Njombe kuna baridi kwahiyo makoti mazito yanakwenda kwa wingi huko, nimepata vitu vizuri Makambako kuliko Mbeya.

Na usiishie kwenye jaketi. Angalia kofia, angalia mabegi, angalia ndani ya mifuko. Kuna beji niliikuta imekunjwa kwenye mfuko wa ndani wa koti la mvua.

Lebo inanisaidia nini?

Inasaidia sana, na wengi wanaikata wakidhani inawasha shingo.

Jaketi halisi la jeshi la Marekani lina namba ya mkataba kwenye lebo. Ukiona inaanza na DSA, mfano DSA 100-69-C halafu namba nyingine, ile 69 ni mwaka wa mkataba, 1969. Ikianza na DLA basi ni kuanzia 1977, maana ndio mwaka ile taasisi ya ununuzi ilipobadilishwa jina. Kwahiyo jaketi linakwambia umri wake lenyewe bila kuuliza mtu.

Kuna pia namba ndefu ya tarakimu 13 inayotumika na nchi za NATO. Hesabu mpaka ya tano na ya sita, hizo mbili ni nchi iliyoisajili. 00 na 01 ni Marekani, 99 Uingereza, 12 Ujerumani, 14 Ufaransa, 15 Italia, 21 Canada. Iandike kwenye karatasi ukae nayo kwenye pochi. Jaketi likiwa na hizo namba haina maana beji yake ni halali, mtu anaweza kuwa ameshonea baadae, ila unakuwa na mahali pa kuanzia.

Beji ipo kwenye jaketi, niitoe au niiache?

Iache. Beji iliyopo kwenye jaketi lake, na kibandiko cha jina, na beji ya pili kwenye bega, vyote pamoja vinaeleza habari ambayo beji peke yake haiwezi. Ukitoa umekata ushahidi. Ila kumbuka swali la sheria hapo juu, kama nguo yenyewe ni ya kukuletea matatizo usiinunue kabisa, usije ukasema nitaitoa beji nyumbani.

Kama jaketi limeoza au limechanika na hamna namna, pindua nyuma, kata uzi mmoja mmoja kwa kiwembe cha kufumulia cha fundi cherehani, usivute. Kabla ya kukata piga picha pande zote. Alafu ule uzi ulioushonea weka kipande kwenye bahasha, uzi wa kushonea nao una umri.

Kununua mtandaoni vipi?

Inawezekana, unalipa kwa kadi ya benki au kadi ya simu, mzigo unakuja Posta. Omba picha ya nyuma ya beji, kila mara, bila picha ya nyuma usilipe. Hesabu nauli na ushuru kabla maana beji ya dola kumi inaweza kukufikia kwa mara tatu ya hapo.

Mi mwenyewe niliumizwa. Niliona beji ya skwadroni ya 99 ya Tuskegee, wale marubani weusi wa kwanza wa jeshi la Marekani, muuzaji akasema ni ya 1943, roho ikanituma, nikatuma laki moja na kitu. Ilipofika nikaigeuza tu nikajua. Ukingo mnene wa mashine na nyuma plastiki inang'aa ya kubandika kwa pasi. Hakuna beji ya 1943 yenye mambo hayo. Nimeiweka kwenye ukurasa wa kwanza wa albamu yangu na nawaonyesha wanaoanza.

## UMRI NA FEKI

Najuaje beji ni ya miaka gani?

Geuza nyuma. Mbele ni picha, nyuma ndio ukweli.

Ukingo kwanza. Ule ukingo mnene ulioviringishwa kama mshono wa zulia unatoka kwenye mashine za Merrow na ulisambaa kwenye beji kuanzia miaka ya 60. Beji za vita ya pili kwa kawaida zimekatwa tu ukingoni, au ukingo umetariziwa bapa pamoja na beji nzima. Kwahiyo mtu akikuuzia beji ya 1944 yenye ukingo mnene, mrudishie kwa adabu.

Kitambaa cha pili. Za zamani ziko kwenye sufu nzito, pamba ya twili, au ngozi iliyochorwa rangi kwa mkono. Nailoni na poliesta zinakuja baadae. Nyuma ikiwa na tabaka la plastiki ujue sio ya vita ya pili. Ikiwa na velkro ujue ni ya enzi za karibuni zaidi au mtu ameongezea, maana hati ya kumilikisha ugunduzi wa velkro ilitoka 1955 na kwenye mavazi ya marubani ilichelewa kuingia.

Nyuma ya beji iliyotariziwa kwa mashine ya mtaani utaona nyuzi zimeruka ruka kutoka rangi hadi rangi, fundo hapa, uzi mrefu pale. Wakati wa vita ya Vietnam Wamarekani walishonesha kwa mafundi cherehani wa Thailand, Okinawa na Ufilipino, kila beji inatofautiana kidogo na mwenzake na maandishi mara nyingine yamekosewa. Kosa la herufi kwenye beji hizo halimaanishi ni feki. Ukimwangalia fundi wa Mwanjelwa anavyodarizi jina la shule kwenye sweta la mtoto utaelewa kabisa nyuma ya beji ya Thailand inavyokuwa, ni mkono wa aina moja.

Taa ya zambarau inafanya kazi?

Inafanya ila inadanganya pia. Ile taa ya kukagulia noti, ukiimulika beji gizani, nyuzi za kisasa zinang'aa nyeupe au bluu na pamba ya zamani inabaki imefifia. Shida ni kwamba sabuni za unga za kisasa zina dawa ya kung'arisha, kwahiyo beji ya kweli ya zamani ikishafuliwa na sabuni nayo inang'aa. Vitu vya mitumba vimefuliwa mara ngapi huko vilikotoka? Kwahiyo beji isipong'aa ni dalili nzuri, iking'aa bado hujapata jibu, rudi kwenye ukingo na nyuma.

Na kuchoma uzi?

Uzi mmoja mdogo uliochomoza nyuma, sio zaidi. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu, sufu inanuka nywele, poliesta inayeyuka inakuwa kidonge kigumu. Usifanye mbele ya muuzaji kabla hujalipa.

Herufi zilizoandikwa zinanipa mwaka?

Zinakupa kipindi. USAF haiwezi kuwa kabla ya Septemba 1947 maana jeshi la anga la Marekani lilikuwa bado chini ya jeshi la nchi kavu. TFS, yani skwadroni ya ndege za mapigano ya kimbinu, ilitumika mpaka 1991 neno la kimbinu lilipoondolewa zikabaki FS. Na kamandi zake za TAC (ya kimbinu), SAC (ya kimkakati) na MAC (ya usafirishaji) zilivunjwa Juni 1992, kwahiyo ile ngao ya TAC yenye upanga wenye mabawa, ambayo naiona sana kwenye mitumba, ni muundo wa kabla ya hapo. Neno muundo nimelitumia makusudi, beji yenyewe inaweza kuwa imetengenezwa upya mwaka jana, angalia swali la umri.

Taji kwenye beji za Waingereza linamaanisha nini?

Waingereza walipanga nembo zao rasmi mwaka 1936, duara lenye jina na namba ya kikosi, taji juu, utepe wa maneno chini. Taji lenye matao yaliyopanda juu ya duara bila kubonyea ni la enzi za wafalme, mpaka Elizabeth alipotawala. Lake, kuanzia miaka ya 50, matao yamebonyea katikati. Zamani ilikuwa rahisi, taji la mfalme basi ni kabla ya hapo. Ila tangu 2022 Mfalme Charles amechagua taji linalofanana na lile la zamani, kwahiyo beji mpya kabisa sasa ina taji la umbo lile lile. Wauzaji wengine wanautumia huo mkanganyiko, kuwa makini.

## HISTORIA YA KIKOSI

Nimepata beji, naanzaje kutafuta habari yake?

Andika kwanza ulichonacho kabla hujafungua intaneti: maneno, namba, rangi, umepata wapi, kwenye nguo gani, siku gani. Alafu tafuta.

Kwa Marekani kuna kituo cha utafiti wa historia ya jeshi la anga pale Maxwell, Alabama, wanaweka kurasa za ukoo wa vikosi bure, kila jina kikosi kilichowahi kuitwa, kila uwanja kilichokaa, kila aina ya ndege. Kwa Uingereza kuna nyaraka za taifa pale Kew, shajara za vikosi zipo kwenye kundi la AIR 27, zimeandikwa siku kwa siku, nani aliruka saa ngapi na ndege namba ngapi na alirudi au hakurudi. Nyingi zimewekwa kidijitali. Ukisoma shajara ya kikosi ambacho umeshika beji yake mkononi, utalala saa nane usiku.

Tafuta vitu vitatu: kiliundwa lini, kilikuwa wapi kipindi cha beji yako, na nembo ilibadilika lini. Cha tatu ndicho wengi wanakiacha na ndicho kinachokupa mwaka wa beji.

Mbona vikosi viwili vina nembo moja?

Kwasababu jina na ukoo ni vitu viwili. Mfano mzuri ni Jolly Rogers wa jeshi la majini la Marekani, wale wa fuvu na mifupa. Nembo ilianza na skwadroni ya VF-17 kwenye vita ya pili. Miaka ya baadae ilikuwa ya VF-84, na 1995 VF-84 ilipovunjwa, VF-103 wakachukua jina na fuvu. Kiukoo VF-103 sio mtoto wa VF-84, ni kikosi kingine kabisa chenye historia yake. Kwahiyo usiandike kwenye albamu "Jolly Rogers" ukaishia hapo, andika namba.

Ni kweli Disney walichora beji?

Kweli. Wakati wa vita ya pili studio ya Walt Disney ilichora nembo kama 1,200 kwa vikosi vilivyoomba, bila kulipisha. Mmojawapo ni simba milia mwenye mabawa wa Flying Tigers, Wamarekani wa kamanda Chennault waliopigana Burma na China kuanzia Desemba 1941 mpaka Julai 1942. Za asili ni ghali mno, na ndio zinazoigwa zaidi pamoja na za Tuskegee.

Nasikia kuna kikosi cha Waingereza chenye maneno ya Kiswahili?

Kipo, na hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote kwenye ukurasa huu.

Skwadroni ya 259 ya RAF, yani jeshi la anga la Uingereza, iliundwa upya Kipevu, Mombasa, Februari 1943, ikapewa Catalina, zile ndege kubwa zinazotua majini, kazi yake kuwinda nyambizi za Wajerumani kwenye bahari ya Hindi. Mwaka huo huo ikahamia Dar es Salaam na kukaa mpaka ilipovunjwa 1945. Agosti 20, 1943 Catalina zake na za skwadroni ya 265 ziliizamisha nyambizi U-197 kusini mwa Madagascar.

Maneno ya nembo yake ni "Haya ingia napigane". Yasome kwa sauti. Sio Kiswahili cha shule, mwalimu angeweka kalamu nyekundu aandike "na upigane". Mi nayasikia kama maneno ya mtu aliyesimama gatini anawaharakisha wenzake waingie kwenye boti. Kila nikimsomea mtu hapa Mbeya anacheka kwa furaha alafu anaomba nirudie. Vikosi vya Waingereza vingi vina Kilatini, na skwadroni ya 266 ina neno la Kindebele, Hlabezulu, mchoma anga, lakini hii ya 259 ni ya lugha yetu na ilikaa kwenye pwani yetu.

Beji ya kitambaa ya 259 ya wakati wa vita sijawahi kuishika. Nilichonacho ni chapisho la nembo nimelitengenezea fremu. Ukiona mtu anauza ya kushonea akisema ni ya 1944, rudi kwenye swali la umri na uende nalo taratibu.

## KUTUNZA

Niifue?

Hapana. Rangi nyekundu ya zamani inachuja na kuharibu nyeupe jirani yake dakika moja. Vumbi toa kwa brashi laini ya rangi. Kama inanuka, itandaze kivulini penye hewa siku mbili.

Ukungu na nondo je?

Hapa watu wa Tukuyu na Rungwe ndio wanaumia zaidi, mvua haikati na kila kitu cha sufu kinaota ukungu. Usiweke albamu chini wala kwenye ukuta wa nje wa nyumba. Weka kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, vikusanye. Kila mwezi wakati wa mvua fungua ukague.

Nondo: weka beji kwenye mfuko uliofungwa vizuri usio na hewa, iingize kwenye friza wiki mbili, toa uache irudi joto la kawaida kabla ya kufungua mfuko. Inaua mayai na funza bila dawa. Nafutalini iache, harufu haitoki.

Na zile karatasi za plastiki za albamu zinazonuka kama raba mpya, hizo zinatoa kemikali zinazonata kwenye nyuzi baada ya miaka. Tafuta zisizo na harufu.

Beji ya ngozi imekauka inapasuka, niipake mafuta?

Usipake. Mafuta yatanyanyua rangi iliyochorwa. Iweke bapa, mbali na jua, basi.

## MASWALI MAGUMU

Ni sawa kukusanya beji za Rhodesia, yani Zimbabwe kabla ya uhuru?

Mkoa wa Iringa una Mgagao, kambi waliyofundishiwa wapigania uhuru wa Zimbabwe. Vijana waliopita pale wengine walikufa Chimoio, Msumbiji, Novemba 1977 ndege za Rhodesia zilipopiga kambi. Kwahiyo unaposhika beji ya skwadroni ya Rhodesia ya miaka hiyo unashika kitu cha watu waliowapiga mabomu ndugu zetu.

Mi ninazo mbili. Sizionyeshi peke yake. Kwenye ukurasa huo huo nimeandika Chimoio, nimeandika Mgagao, na mzee mmoja wa Kilolo aliyewahi kuwapelekea vijana wa kambini mahindi amenisimulia, nimeandika maneno yake. Atakayefungua ukurasa atasoma yote. Mtu akizitaka azining'inize ukutani kama mapambo, simuuzii.

Na Wajerumani?

Za Wanazi mimi sikusanyi. Za jeshi la sasa la Ujerumani zipo nyingi kwenye mitumba na hazina shida hiyo, ila zina historia yake. Kikosi cha 74 kilipewa jina la rubani Mölders mwaka 1973, na 2005 jina likaondolewa kwasababu alipigana Hispania kwenye kikosi cha Condor kilichotumwa na Hitler. Beji yenye jina hilo muundo wake ni wa kati ya miaka hiyo miwili.

Mwanangu hapendi hivi vitu, nikiondoka vitaenda wapi?

Wengi wanaouliza hili ni watu wazima na wanauliza kwa sauti ya chini. Tengeneza daftari. Kila beji namba yake, na namba hiyo hiyo kwa penseli kwenye bahasha yake, kamwe usiandike kwenye beji. Kila namba ukurasa mmoja: kikosi, ilipatikana wapi, bei, na habari uliyoisoma. Mtoto asiyependa beji anaweza kupenda daftari la baba yake. Langu limefika namba 143, na namba 1 bado ni ile ya jaketi la elfu nane.